Kesi ya Gyumi: umri wa ndoa mbele ya majaji, na amri iliyokuwa ngumu kuliko hukumu

Tarehe 8 Julai 2016, majaji watatu wa Mahakama Kuu ya Tanzania, Dar es Salaam, walitamka kuwa vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa vinakinzana na Katiba. Mwanasheria Mkuu wa Serikali alikata rufaa, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupilia mbali. Mleta shauri alikuwa Rebeca Gyumi, mwanzilishi wa shirika la kutetea haki za wasichana la Msichana Initiative, akiwakilishwa na wakili Jebra Kambole. Magazeti yaliandika ushindi, na ulikuwa ushindi kweli. Lakini anayetaka kuelewa mahakama ya juu inavyofanya kazi asiishie kwenye nani alishinda. Asome amri iliyo mwishoni mwa hukumu, maana humo ndimo majaji walimofanya uamuzi mgumu zaidi, na humo ndimo mambo yalimokwama.

Vifungu viwili vilivyopingwa

Sheria ya Ndoa ni ya mwaka 1971 (Sura ya 29, namba za vifungu hapa ni za Marejeo ya 2002), na inatumika Tanzania Bara tu. Kifungu cha 13(1) kinaweka umri wa chini wa kuoa kwa mwanamume kuwa miaka 18, na wa kuolewa kwa mwanamke miaka 15. Kifungu cha 13(2) kinafungua mlango mwingine: mahakama inaweza kuruhusu ndoa ya aliye chini ya umri huo, mradi kila mmoja ametimiza miaka 14 na mahakama imeridhika kuwa kuna mazingira maalumu yanayoifanya ndoa hiyo ifae. Kifungu cha 17 kinamtaka msichana asiyetimiza miaka 18 apate ridhaa ya baba kabla ya kuolewa. Baba akiwa amefariki, ridhaa ni ya mama. Wote wawili wakiwa wamefariki, ni ya mlezi. Na mlezi naye akiwa hayupo, ridhaa haihitajiki tena.

Vifungu hivi havieleweki vikisomwa kimoja kimoja. Kwa mvulana, sheria inasubiri awe mtu mzima aamue mwenyewe. Kwa msichana, inaruhusu aolewe angali mtoto, kisha inaukabidhi uamuzi kwa mtu mwingine. Ukiufuata mpangilio wa ridhaa hadi mwisho unakutana na jambo zito zaidi: yatima wa miaka 15 asiye na mlezi, ambaye ndiye anayehitaji ulinzi kuliko wote, ndiye aliyeachwa bila mtu wa kusema hapana.

Waliotunga sheria hiyo hawakuwa watu wasiojali. Waraka wa Serikali Na. 1 wa 1969 ulikusudia kuziweka chini ya sheria moja ndoa za Kikristo, za Kiislamu, za kimila na za kiserikali, na umri wa miaka 15 ulikuwa sehemu ya maafikiano hayo. Zaidi ya hapo, mwaka 1971 Katiba haikuwa na sura ya haki za binadamu. Haki hizo ziliingizwa kwa marekebisho ya 1984, mahakama zikaanza kuzitekeleza 1988, na neno “jinsia” likaongezwa kwenye tafsiri ya ubaguzi katika ibara ya 13(5) mwaka 2000. Kwa hiyo majaji wa 2016 walikuwa na kipimo ambacho Bunge la 1971 halikuwa nacho. Sheria ni ile ile, Katiba inayoipima imebadilika.

Njia ya kufika mbele ya majaji watatu

Shauri la aina hii haliendi kama kesi ya madai ya kawaida. Linafunguliwa Mahakama Kuu kwa mujibu wa ibara za 26(2) na 30(3) za Katiba, pamoja na Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu Muhimu, Sura ya 3, ya mwaka 1994. Ombi linataja ibara inayodaiwa kuvunjwa kati ya ya 12 na ya 29, kifungu cha sheria kinachodaiwa kuivunja, na nafuu inayoombwa. Linaambatana na kiapo. Mwanasheria Mkuu anajibu kwa majibu yake na kiapo kinzani. Jaji mmoja anaweza kushughulikia hatua za awali, lakini kusikiliza na kuamua kunahitaji jopo la majaji watatu.

Mashauri mengi ya kikatiba hufia mlangoni, kabla hata ya hoja yenyewe kuguswa. Kifungu cha 8(2) cha Sura ya 3 kinaizuia Mahakama Kuu kutumia mamlaka haya ikiwa mwombaji ana njia nyingine ya kutosha ya kupata haki yake, au ikiwa ombi halina msingi na ni la usumbufu. Kosa la kawaida ni ombi linalolalamikia kitendo cha ofisa mmoja kana kwamba ni kasoro ya sheria. Hapo upande wa Serikali huweka pingamizi la awali kuwa ulitakiwa kuomba mapitio ya mahakama, yaani mahakama ikague uhalali wa kitendo cha ofisa huyo, na mara nyingi hushinda. Kosa jingine ni kutaja ibara kumi bila kuonyesha kila moja inavyoguswa. Ombi la Gyumi lilikuwa jembamba kwa namna nzuri: vifungu viwili, ibara chache (12, 13 na 18), na hoja ambayo isingeweza kutatuliwa kwa barua kwa ofisi yoyote, kwa sababu tatizo lilikuwa maneno ya sheria yenyewe.

Mizani waliyotumia majaji

Jopo la namna hii linaanza na dhana kwamba sheria iliyotungwa na Bunge ni halali kikatiba hadi ithibitishwe vinginevyo. Kanuni hiyo, na nyingine zinazoandamana nayo, zilikusanywa vizuri na Mahakama ya Rufani katika shauri la Julius Ishengoma Francis Ndyanabo dhidi ya Mwanasheria Mkuu la mwaka 2002, lililohusu dhamana ya shilingi milioni 5 kwa wafungua kesi za uchaguzi: Katiba ni chombo kilicho hai, masharti ya haki yasomwe kwa upana, vizuizi vyake visomwe kwa ufinyu, na anayetetea kizuizi cha haki ndiye mwenye mzigo wa kukihalalisha. Kabla ya hapo, katika shauri la Mkurugenzi wa Mashtaka dhidi ya Daudi Pete, Mahakama ilikuwa imesema kuwa sheria inayominya haki itaokolewa tu ikiwa haitoi nafasi ya maamuzi ya kiholela, na ikiwa haiminyi kuliko inavyohitajika kufikia lengo halali.

Kwa hiyo swali la kwanza ni dogo: je, kuna tofauti ya kijinsia kwenye maneno ya sheria? Hapa halikuhitaji shahidi. Namba 18 na 15 ziko wazi kwenye kifungu kimoja. Ibara ya 13(2) inapiga marufuku sheria yenye sharti la ubaguzi, uwe wa dhahiri au kwa taathira yake, na huu ulikuwa wa dhahiri. Ibara ya 13(5) lakini haitosheki na tofauti tupu. Inataka watu wa aina fulani wawe wamefanywa au kuhesabiwa kuwa dhaifu au duni, wakawekewa vikwazo ambavyo wengine hawana. Hapo ndipo mvutano wote ulipokuwa.

Serikali ilisema umri mdogo kwa msichana si kizuizi bali ni fursa, anaruhusiwa mapema kile ambacho mvulana anasubiri. Ilisema pia wasichana hubalehe mapema, na kwamba kifungu kililinda mila na dini za watu. Tunaipa hoja hii uzito kwa sababu ndiyo iliyobeba rufaa nzima, na kwa sababu wapo wanaoiamini kwa dhati. Udhaifu wake ni kwamba inahesabu ndoa kuwa faida bila kutazama kinachoambatana nayo. Majaji waliangalia taathira: msichana anabebeshwa majukumu mazito ya unyumba na uzazi katika umri mdogo, afya yake inawekwa hatarini na masomo yanakatika, wakati mvulana wa rika lake analindwa na sheria ile ile. Fursa ambayo mtoto anapewa ili mtu mwingine airidhie kwa niaba yake ni vigumu kuiita yake.

Kuhusu mila na dini, jibu la kisheria lilikuwepo tangu zamani. Kifungu cha 11(4) cha Sheria ya Matumizi ya Sheria na Mamlaka ya Mahakama, Sura ya 358, kinasema sheria za kimila na za Kiislamu hazitumiki kwenye jambo ambalo Sheria ya Ndoa imeliwekea masharti. Umri wa ndoa ni jambo hilo hasa. Zaidi ya hayo, miaka 15 haikuwa sharti la dini yoyote. Ilikuwa namba ya Bunge, na namba ya Bunge hupimwa kwa Katiba.

Hoja iliyohitaji umakini zaidi ilihusu Sheria ya Mtoto ya 2009. Kifungu chake cha 4 kinamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Serikali ilisema umri wa utoto na umri wa ndoa ni mambo mawili, na kwamba Mahakama Kuu ilikosea kuyachanganya. Kwa tafsiri kavu ya sheria, hoja hiyo ina nguvu: Bunge lilipitisha Sheria ya Mtoto bila kugusa Sheria ya Ndoa, na sheria ya jumla haifuti sheria mahususi kimyakimya. Lakini kesi hii haikuwa ya sheria mbili kugongana. Ilikuwa ya sheria moja kugongana na Katiba, na Sheria ya Mtoto ilitumika kuonyesha msimamo wa nchi kuhusu nani ni mtoto. Vivyo hivyo marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, yaliyoweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari. Marekebisho hayo yanamlinda aliye shuleni. Aliyekosa shule, au aliyeiacha, anarudi kwenye miaka 15.

Rufaa

Notisi ya rufaa inatakiwa kuwasilishwa ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na kumbukumbu za rufaa ndani ya siku 60 baada ya notisi, isipokuwa siku zilizotumika kusubiri nakala za mwenendo ambazo msajili anazithibitisha kwa hati. Rufaa hii ilisajiliwa kuwa Rufaa ya Madai Na. 204 ya 2017. Mahakama ya Rufani haisikilizi mashahidi upya. Inafanya kazi ndani ya sababu za rufaa, na kila sababu lazima ionyeshe jambo linalodaiwa kuamuliwa kimakosa chini. Sababu za Mwanasheria Mkuu zilizunguka mambo tuliyokwisha kuyataja.

Mahakama iliitupa rufaa yote. Ilichoongeza ni uzito wa mikataba: ule wa Haki za Mtoto, ule wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto ambao ibara yake ya 21(2) inataka umri wa ndoa uwe miaka 18, na Itifaki ya Maputo, ile ya Afrika kuhusu haki za wanawake, ambayo ibara ya 6 inasema vivyo hivyo kwa wanawake. Mikataba hii haifuti sheria ya nchi yenyewe kwa yenyewe. Kazi yake mbele ya jaji ni kumsaidia kuisoma Katiba, hasa maneno mapana kama “utu” na “usawa”, na kuonyesha kuwa Serikali iliyosaini haiwezi kudai kuwa kiwango hicho ni kigeni kwake. Tarehe 11 Mei 2018, katikati ya hukumu hizi mbili, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ilikuwa imeikuta Mali na hatia ya kuvunja Itifaki hiyo hiyo, kwa sheria ya familia iliyoweka miaka 18 kwa wanaume na 16 kwa wanawake.

Amri

Baada ya kukubaliana kuwa vifungu ni vibaya, majaji walibaki na swali ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: wafanye nini navyo?

Ibara ya 64(5) inasema sheria inayokiuka Katiba ni batili. Njia iliyo nyoofu ilikuwa kukifuta kifungu cha 13. Lakini kifungu hicho ndicho pekee kinachoweka umri wa chini wa ndoa. Kukifuta chote kungeondoa kikomo cha mvulana pamoja na cha msichana, na kifungu cha 38(1)(a), kinachobatilisha ndoa ya aliye chini ya umri wa chini, kisingekuwa na umri wa kuupimia. Hukumu ya kuwalinda wasichana ingewaacha bila umri wowote.

Njia ya pili ilikuwa kusoma 18 mahali penye 15 kuanzia siku hiyo. Mahakama ya Katiba ya Zimbabwe ilifanya kitu cha namna hiyo tarehe 20 Januari 2016, miezi michache kabla, ikiamuru kuwa kuanzia siku ile hakuna aliye chini ya miaka 18 atakayefunga ndoa. Huko, hata hivyo, Katiba yenyewe inataja 18. Katiba ya Tanzania haitaji umri wa ndoa. Na usawa peke yake hauipi mahakama namba 18; sheria ingeweza kuwa sawa kwa kuwashusha wavulana hadi 15. Kilichoisukuma namba juu ni utu wa mtoto, chini ya ibara ya 12(2), pamoja na kiwango cha mikataba. Wakili anayejenga shauri kama hili kwa ibara ya 13 pekee anajiweka kwenye hatari hiyo bila kujua.

Majaji walichagua njia ya tatu, iliyo kwenye ibara ya 30(5) na kifungu cha 13(2) cha Sura ya 3. Badala ya kutamka sheria batili papo hapo, Mahakama Kuu inaweza kuipa Serikali muda wa kurekebisha. Walimpa Mwanasheria Mkuu mwaka 1, na wakasema marekebisho yaweke miaka 18 kwa wote wawili. Hatukuona kosa katika uchaguzi huo. Sheria ya Ndoa imefungamana na sheria nyingine kwa mafundo ambayo mahakama haiwezi kuyafungua yote kwa sentensi moja. Mfano ulio mchungu ni kifungu cha 130(2)(e) cha Kanuni ya Adhabu, kinachofanya kumwingilia msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa ubakaji hata akiridhia, isipokuwa awe mke wa mtu huyo, ana miaka 15 au zaidi, na hawajatengana. Kubadili umri wa ndoa bila kugusa maneno hayo kungeacha sheria mbili zinazosema mambo tofauti juu ya mtoto mmoja, na Bunge ndilo lenye nafasi ya kuzirekebisha kwa pamoja.

Penye udhaifu ni utekelezaji. Amri ilimwelekea Mwanasheria Mkuu, ambaye anaweza kuandaa muswada lakini hapigi kura ya Bunge peke yake. Haikuweka siku ya kurudi mahakamani kueleza hatua zilizofikiwa. Na kifungu cha 14 cha Sura ya 3 kinasema Serikali ikiwasilisha notisi ya kukata rufaa, katika shauri lisilohusu mtu aliye kizuizini, notisi hiyo inasimamisha utekelezaji wa uamuzi bila hata kuomba. Mlalamikaji wa kawaida anayetaka utekelezaji usimame lazima aombe na atoe sababu. Serikali inatosheka na karatasi ya notisi. Zaidi ya miaka 3 ilipita hivyo, kuanzia Julai 2016 hadi Oktoba 2019. Kwa wasichana waliokuwa na miaka 15 siku ya hukumu ya kwanza, huo ndio muda wote ambao ulinzi huo ungewafaa.

Tangu 2020 mlango wenyewe umekuwa mwembamba zaidi. Marekebisho ya Sura ya 3 ya mwaka huo yanamtaka mwombaji aape ni kwa kiasi gani yeye binafsi ameathirika, na awe amemaliza njia nyingine zote za kupata nafuu. Mwanaharakati mtu mzima anayewasemea watoto wa kike angepata taabu kuvuka hapo leo, na mtoto aliyeolewa ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote wa kufungua shauri. Anayekusudia shauri la aina hii sasa ni vyema awe na mwombaji aliyeguswa moja kwa moja, na aombe nafuu mbadala zikiwa zimepangwa: tamko la ubatili, muda wa marekebisho wenye tarehe ya kutoa taarifa mahakamani, na maelekezo kwa wasajili wa ndoa kwa kipindi cha mpito. Mahakama ni nadra kutoa kile ambacho haikuombwa.

Maneno ya mwisho ya ibara ya 30(5) yanastahili kusomwa polepole. Sheria iliyopewa muda inahesabiwa kuwa halali hadi irekebishwe au hadi muda uishe, na unaozingatiwa ni muda ulio mfupi zaidi. Ukihesabu mwaka 1 kutoka hukumu ya Mahakama Kuu unafika Julai 2017. Ukisema notisi ya rufaa ilisimamisha saa na kuhesabu kutoka hukumu ya Mahakama ya Rufani, unafika Oktoba 2020. Kwa hesabu zote mbili muda ulikwisha bila Bunge kurekebisha, na uhalali wa mpito ulikwisha nao. Hakimu aliyeletewa baada ya hapo ombi la kuruhusu ndoa ya binti wa miaka 14 chini ya kifungu cha 13(2) hawezi kuanza kwa kuuliza kama mazingira maalumu yapo. Anapaswa kwanza kuuliza kama kifungu anachoombwa kukitumia bado kina nguvu, na hukumu mbili za mahakama zilizo juu yake zimekwisha kumjibu.